Zamu ya Ngoma Kubwa

Watu wa rika langu hapa Bangboka, kazi tuliyoijua kuliko zote ni kungoja. Enzi za Mobutu, ikisikika kwamba Rais atashuka Kisangani, alfajiri ilitukuta kwenye uwanja wa ndege, wake kwa waume, kila ofisi na kikundi chake cha animasyo, cha kumwimbia na kumchezea mkubwa, kila kikundi na kitenge chake chenye sura ya mkubwa na mwenge wa MPR, chama chake. Ndege imesemwa itatua saa tatu. Saa sita, kimya. Saa nane mama mmoja ameanguka kwa jua, amebebwa kivulini, na jirani yake amesogea kuziba pengo ili mstari usiharibike. Ndege ikitua, uchovu wote unasahaulika: viuno vinazunguka, filimbi zinalia, jasho linatiririka. Yule tuliyemngoja anapita, anainua fimbo yake mara moja, anaingia garini, na msafara unaondoka kwa vumbi hadi mjini, kilomita 17. Sisi tunaanza kutafuta ndoo ya maji.

Nilifanya kazi kwenye uwanja huu tangu ujana hadi nywele ziliponigeuka, na ndege za namna zote nimeziona. Lakini mtu akiniuliza kizazi chetu kilikuwa kizazi gani, kinachonijia kichwani si ndege, ni ule mstari juani. Tulikuwa hodari wa kumngoja mtu mmoja. Akishapita, hatukuwa na jambo jingine la kufanya pamoja. Kila mmoja alirudi kwenye parsele yake na kufunga lango.

Haya yote nisingeyaandika kama mtoto wa jicho asingenipeleka Kinshasa kwa matibabu. Nikafikia kwa binti yangu. Mwanawe wa kiume, ambaye nilimwacha akiwa mdogo, sasa ana ndevu, anasoma, na jioni hayuko nyumbani. Nilipouliza anakwenda wapi kila siku, mama yake alinijibu kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa: anapiga ngoma. Nikafurahi. Kwetu Kisangani mpiga ngoma si mtu mdogo. Ngoma ndiyo inayoita watu, ndiyo inayoanza, na mwimbaji akipotea ndiyo inayomrudisha njiani.

“Koko, Jumamosi tunapiga,” kijana akaniambia. “Utakuja?”

Basi nilikwenda, jicho moja limefunikwa bandeji, kusikiliza Okestra ya Simfoni ya Wakimbangu, ile ambayo watu wa Kinshasa wanaiita OSK kwa herufi zake za Kifaransa.

Msomaji wa Kisangani huenda amewahi kuisikia redioni bila kujua ilikotoka, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwaka 1921 Wabelgiji walimkamata Simon Kimbangu, mhubiri wa Nkamba, wakamhukumu kifo, kisha wakamgeuzia adhabu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa jela miaka 30 hadi alipofia humo, Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walitawanywa kwa nguvu kote nchini ili imani ife. Wengine waliletwa huku kwetu, Lowa na Lubutu, msituni, na wazee wetu waliwasikia wakiimba. Imani haikufa. Mwanawe, Joseph Diangienda, ndiye aliyeongoza kanisa hadi alipofariki mwaka 1992. Na mjukuu, Armand Diangienda, alikuwa rubani.

Hapo nilipoambiwa rubani, masikio yalinisimama. Mwaka huohuo wa 1992 ndege ya kampuni yake ilianguka, na kazi ikaisha. Mtu wa anga amebaki chini, baba amekufa, mji unachemka. Baba yake aliwahi kutamani kanisa liwe na okestra ya simfoni. Mwaka 1994 mwana akaianza. Hakuwa amesoma chuo cha muziki. Alijifundisha mwenyewe selo, tromboni, piano, gitaa, akakusanya waumini ambao wengi wao hawakuwahi kushika violini maishani. Violini zenyewe zilikuwa chache, watu wengi, kwa hiyo mmoja alipiga dakika chache, akampa mwenzake, akakaa kumtazama vidole. Uzi ukikatika hakukuwa na duka la kwenda kununua. Walichukua waya wa breki ya baisikeli, wakaukaza mahali pa uzi. Mwenzao mmoja, Albert Nlandu Matubanza, alifungua kontrabasi aone mbao zake zimeungana vipi ndani, kisha akaanza kutengeneza nyingine kwa mikono yake.

Tuachie hapo kwanza huo waya wa breki. Nitaurudia.

Mwaka 1994 si mwaka wa kusomwa haraka. Tarehe 23 Septemba 1991 askari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa. Januari 1993 wakapora tena, safari hiyo kwa sababu mishahara ilikuja kwa noti mpya ya zaire milioni 5, ambayo hakuna mama sokoni aliyekubali kuipokea. Balozi wa Ufaransa aliuawa kwa risasi akiwa ofisini mwake. Nasi Kisangani tulionja. Tunapenda kusema askari waliiba, na ni kweli, waliiba. Lakini askari walivunja milango tu. Raia tuliingia nyuma yao. Nilimwona kwa macho yangu mtu mzima, baba wa watoto, akibeba mlango wa friji peke yake. Friji ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Wawili hao hawakuonana tena, na hakuna aliyepata mahali pa kuhifadhi hata samaki mmoja.

Katika mtaa mmoja wa Makiso palikuwa na piano. Ilikuwa nyumbani kwa Mgiriki mmoja mfanyabiashara aliyeondoka zamani, ikabaki na aliyekuja baada yake. Siku zile za uporaji ilitolewa nje na vijana sita, ikasukumwa barabarani, ikakwama kwenye mfereji. Iliposhindikana kuisogeza, ilipasuliwa palepale kwa shoka. Mbao zikawa kibanda cha kuku. Meno yake meupe watoto walichezea. Na zile nyaya ndefu za chuma zilizo ndani mwa piano, watu wa Bangboka walizinunua kwa mafungu. Ni nzuri kwa mitego ya wanyama, hazikatiki.

Kwa hiyo katika miaka ileile, Wakongo walewale, njaa ileile, huku kwetu waya wa piano ulikuwa unanasa panya wa msituni, na kule Kinshasa waya wa baisikeli ulikuwa unajifunza kupiga Mozart. Na baisikeli ni mali yetu sisi! Mji wa watoleka, mji ambao kwa miaka mingi abiria alipanda nyuma ya baisikeli kwenda hospitali, kwenda harusini, kwenda kuzaa. Nyaya za breki zilijaa kila kona ya barabara. Hakuna mmoja wetu aliyezitazama akasikia sauti ndani yake.

Sasa nirudi Jumamosi ile.

Viti vya plastiki, watu wamevaa vizuri, watoto wengi. Jukwaani walijaa hadi nikajiuliza nani amebaki nyumbani. Okestra na korali yake pamoja hufikia watu mia mbili. Wengi hawalipwi kwa kupiga. Asubuhi ni mafundi, wauzaji, walimu, wanafunzi, wasusi. Katika filamu ambayo Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, waliitengeneza mwaka 2010 na kuiita Kinshasa Symphony, yumo mmoja anayepiga viola, naye ni fundi umeme na kinyozi pia. Umeme ukikatika wakati wa kupiga, yeye ndiye anayeweka ala chini na kwenda kuushughulikia, huku wenzake wakiendelea gizani kwa kumbukumbu. Kinshasa wanaoijua hawatashangaa. Mimi nilishangaa kidogo kwamba wanaendelea.

Nilimtafuta mjukuu wangu. Nikamwona huko nyuma, juu, amesimama karibu na ngoma kubwa kuliko zote, ngozi yake imekaa wima kama mlango. Nikajisemea: hapa sasa. Maestro akainua kijiti. Violini zikaanza kunong'ona chini chini. Mjukuu wangu akakaa kitini.

Walikuwa wanapiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Sehemu ya kwanza ni kama robo saa. Kijana hakugusa ngoma. Sehemu ya pili, ambayo ina mbio na ngoma za shaba zinapigwa kwa kishindo, nikadhani sasa ni yeye. Kumbe zile ni za mwingine, jirani yake, na yeye amekaa. Sehemu ya tatu ni ya polepole, ndefu, na kusema kweli usingizi ulinipitia. Nilipoamka bado amekaa. Na si yeye peke yake. Nyuma yake kuna waimbaji kama mia, wamevaa sare, wamekaa mikono mapajani, na hawajafungua midomo tangu tuingie. Nikaanza kuona aibu kwa ajili yao. Kwetu ukimwita mtu kwenye sherehe umkalishe saa nzima bila kumpa nafasi, umemtukana.

Kwa jicho langu moja zima nikamtazama vizuri. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinagusa goti: moja, mbili, tatu, nne, halafu anakunja kidole kimoja cha kushoto, halafu tena. Hakuwa anaota. Alikuwa kazini muda wote.

Sehemu ya nne ikaanza kwa kelele. Selo na besi zikazungumza peke yao, wimbo ule unaojulikana ukatoka chini, ukapanda, korali ikasimama yote kwa pamoja na sauti ya viti ikasikika ukumbi mzima, wakaimba, wakafika juu kabisa mahali pa kupaza jina la Mungu, wakashikilia. Kimya. Na baada ya kile kimya, ndipo mjukuu wangu, aliyekuwa tayari amesimama, alipiga. Kwa nguvu? Hapana. Aligusa. Puu. Puu. Pigo dogo la chini, pamoja na zile filimbi nene za mbao zinazoitwa fagoti. Baada ya karibu saa nzima ya kukaa, ngoma kubwa kuliko zote iliingia kwa sauti ndogo kuliko zote, na iliingia mahali pake.

Nilisahau bandeji, nikasimama kupiga makofi katikati ya muziki. Watu wakanitazama. Wakamwacha mzee.

Tusidanganyane, si kila noti ilikuwa nyumbani kwake. Joto la Kinshasa haliipendi violini, na kulikuwa na mahali ambapo nyuzi za juu zilivutana kila moja upande wake. Mwimbaji mmoja wa sauti ya juu alipambana. Sisemi kwamba ni okestra bora duniani, ingawa London waliwaita, mwezi wa Septemba 2014, wakapiga kule. Chama cha Royal Philharmonic Society cha London, ambacho mwaka 1822 kilikubali kumlipa Beethoven pauni 50 kwa simfoni hii hii ya Tisa, kilimpa Armand Diangienda uanachama wa heshima mwaka 2013, mwaka kilipotimiza miaka 200. Hayo ni mambo ya sifa, na sifa zao wanastahili. Mimi kilichonishika ni vidole gotini.

Nilimuuliza usiku ule tukila. “Unakaa saa nzima. Huchoki?”

“Nahesabu, koko. Nikipoteza hesabu, yule wa fagoti naye anapotea, maana ananisikiliza mimi.”

Nimekaa na marubani maisha yangu yote, na jibu hilo nililielewa haraka. Rubani mzuri niliyemjua mimi hakuwa yule mwenye maneno mengi. Alikuwa yule asiyeona haya kukaa mwanzo wa njia, injini zinawaka, abiria wanalalamika, naye anangoja ruhusa na kusoma orodha yake mstari kwa mstari. Sitashangaa kama aliyeanzisha okestra hii aliutoa uzoefu huo angani akaupeleka kanisani.

Sasa nisemee kizazi changu, kwa sababu tunapenda sana kuwasema vijana. Sisi kila mmoja alitaka kupiga wa kwanza na wa mwisho. Uhuru ulipokuja, mwaka 1960, mji huu ulikuwa moto. Lumumba alikuwa mtu wa hapa, posta yetu ilimjua kama karani, na tulikuwa na kila sababu ya kujivuna. Miaka minne baadaye waasi wa Simba, halafu tarehe 24 Novemba 1964 parashuti za Wabelgiji zikishuka Simi-Simi, uwanja wetu wa zamani, na maiti pande zote. Halafu Mobutu. Sikatai kwamba tulionewa. Lakini ndani ya kuonewa huko tulijifunza tabia moja mbaya: kwamba ukinyamaza umepotea, na anayesubiri zamu ni mjinga. Tarehe 30 Novemba 1973 maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa wananchi. Nani aligawiwa? Waliokuwa mbele. Nani alijua kuendesha duka? Hilo halikuulizwa. Ndani ya muda mfupi rafu zikabaki na vumbi.

Hata muziki wetu wa kukaa pamoja tuliuvunja. Mwaka 1972 serikali ilifuta vyama vyote vya vijana vya makanisa, vijana wote wawe JMPR, tawi la vijana la chama cha MPR. Parokia niliyobatizwa ilikuwa na fanfari: trompete, tromboni, ngoma mbili, solfa ubaoni kila Alhamisi. Kijana wa fanfari alijua kusoma noti kabla hajajua kufunga tai. Baada ya amri ile, wapigaji walihamishiwa animasyo. Huko noti hazihitajiki. Kinachohitajika ni kelele nyingi mkubwa anapopita. Trompete zikabaki sakristia. Miaka kumi baadaye hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusoma mstari mmoja wa solfa.

Wapo wazee wenzangu hapa chini ya mwembe walioniambia, niliporudi na kuwasimulia: “Papa, hayo ni ya Wazungu. Sisi tuna rumba yetu.” Rumba naipenda, usinichokoze kwa rumba. Bendi ya Singa Mwambe ya hapa kwetu nimeicheza hadi viatu vikaisha. Lakini gitaa la rumba lilizaliwa wapi? Trompete ya African Jazz ilitengenezwa Opala? Kitu kinakuwa cha mtu pale anapokaa nacho kila jioni miaka thelathini. Diangienda mwenyewe hutunga, na anatia ndani sauti za huku. Na kabla yake walikuwepo. Mwaka 1958 kule Kamina, Katanga, vijana wa Padre Guido Haazen walikuwa wakiimba misa ya Kilatini kwa mapigo ya Kiluba, ile Missa Luba iliyozunguka dunia nzima. Elisabethville alikuwepo Joseph Kiwele, Mkongo, mtunzi wa misa na nyimbo za korali na okestra, mtu aliyejua noti kuliko mapadre waliomfundisha.

Na Kiwele mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka 1960 Katanga ilijitenga, na mtunzi akafanywa waziri wa elimu wa serikali ya Tshombe. Akatunga wimbo wa taifa wa nchi ambayo haikufikisha miaka mitatu. Alikufa mwaka 1961. Huo ndio ulikuwa mtindo wetu: ukimwona mtu anajua kitu, mpe cheo, mtoe kwenye kile anachokijua. Sijasikia kwamba Diangienda amegombea ubunge. Namwombea asigombee.

Kuna jambo moja ambalo rika langu tunapaswa kuambiwa bila kufunikwa. Tunasema vijana wa leo hawana subira, kila mmoja na simu yake anacheza mbele ya kioo, kila mmoja nyota. Ni kweli wapo, wengi. Hapa Bangboka wanaendesha motopikipiki kama vile kifo ni cha jirani. Lakini subira tuliyowaonyesha sisi ilikuwa ipi? Ya mstari juani. Mtoto aliyemwona baba yake akimngoja mkubwa siku nzima bila chakula, halafu akarudi na kumpiga mama kwa sababu sombe halina chumvi, atajifunza subira kwa nani? Wale vijana wa Kinshasa hawakuipata kwetu. Waliipata wenyewe, kwa kupokezana violini moja.

Ukienda kwenye maporomoko kwa wavuvi Wagenia utaona subira hiyohiyo, nayo iko hapohapo mjini kwetu, watalii wanalipa kuitazama. Miti imepandwa katikati ya mto unaonguruma, vikapu vimefungwa, na siku ya kuvua hakuna anayevuta kikapu peke yake. Mmoja anashika kamba na kutulia hadi wa juu atoe sauti. Anayevuta kabla ya wenzake anakwenda na maji. Kwa hiyo isisemwe kwamba utaratibu huo ni wa Ulaya. Ulikuwa hapa, tukaupita kwa baisikeli kila siku.

Kisangani ya leo bado imekaa mstarini. Juni 2000, tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu siku sita, maelfu ya makombora, mamia ya wafu, kila mtaa una makaburi yake. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwezi wa Februari 2022 kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na malipo yakaanza mwaka huohuo. Tangu hapo mji mzima unazungumza orodha: nani ameandikwa, nani jina lake limekosewa, nani amekufa akingoja. Haki ya watu ni haki, na wapewe. Lakini nawaona vijana wenye nguvu wanaopitisha asubuhi nzima mbele ya tangazo ukutani kutafuta jina la marehemu baba yao, na moyo unaniuma, kwa sababu mstari ule naujua. Nimeusimamia.

Wengine hawakukaa mstarini. Faustin Linyekula, mtoto wa Ubundu, alikuwa amezunguka dunia na dansi yake ya kisasa, angeweza kubaki Paris. Alirudi Kisangani na Studios Kabako yake, na kwa miaka sasa vijana wa huku wanajifunza dansi, sauti na kamera bila kupanda ndege kwanza. Kuna watu hapa hapa mjini hawajui jina lake. Kuna waliomwita mwendawazimu. Mpiga gitaa Flamme Kapaya, naye mwana wa Kisangani, amefanya kazi pamoja naye. Kumbe mbegu tunazo. Tulichokosa ni chumba cha kukutania na watu wazima wenye uvumilivu wa kusikia mtoto akipiga vibaya mwaka mzima.

Na hiki ndicho kigumu, wenzangu. Mwaka wa kwanza wa violini ni mateso ya masikio. Binti yangu aliniambia kwamba mwanawe alipoanza, hata bila ngoma, alikuwa akigonga meza kwa vijiti saa mbili kila usiku, na majirani walikuja kulalamika. Alikaribia kuvitupa vijiti jikoni. Hakuvitupa. Nadhani huo ndio mchango mkubwa ambao mtu mzima anaweza kutoa, nao ni kutovitupa vijiti.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa majina ya mahali. Mapadre na wachungaji wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga, na nyinyi Wakimbangu wenye fanfari ambazo hazikufa: makanisa yenu Jumatatu hadi Ijumaa jioni hayana watu. Yafungueni. Mwenye trompete iliyolala sakristia tangu 1972 aitoe, hata kama imeota kijani. Fundi baisikeli ataijua namna ya kuisafisha. Mwenye kujua solfa, na wapo wamama wa korali wanaoijua kuliko sisi, afundishe watoto kumi. Msingoje violini zitoke Ulaya, na msimngoje gavana aje kukata utepe. Mimi nina miaka zaidi ya sabini na jicho moja linaloona vizuri. Parsele yangu ya Bangboka ina banda lililokuwa la mbuzi, bati lake bado halivuji. Anayetaka kuleta watoto waje kuhesabu humo, aje, lango halifungwi.